Dawa ya presha inampa mjamzito usingizi: asiiache, aielewe

Kuna swali ambalo limekuwa likinifikia kwa namna nyingi, na mara nyingi anayeuliza si mjamzito mwenyewe. Ni mume, ni mama mkwe, ni wifi. Swali lenyewe huwa hivi: "Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Kliniki wamempa dawa ya presha, na tangu aanze kumeza analala mchana kutwa, hata kuku hajui kama wamekula. Hiyo dawa si itamlaza na mtoto tumboni?"

Jibu fupi ni kwamba asiiache. Jibu refu ndilo makala ya leo. Nimeona kwamba mtu akiambiwa tu "meza dawa" bila kuelezwa, siku akijisikia vizuri anaziweka kabatini. Lakini akielewa kidonge kinakwenda kufanya nini mwilini, anakuwa mlinzi wake mwenyewe.

Dawa tunayoizungumzia ni methildopa. Kwenye pakiti utaona imeandikwa "Methyldopa", na wazee wengi wa hospitali bado wanaiita Aldomet, jina la kampuni iliyoitoa kwanza. Ni moja ya dawa zinazotumika sana Tanzania kwa wajawazito wenye presha ya kupanda.

Presha isiyouma

Mjamzito huhesabiwa kuwa na presha kubwa kipimo kinapofika 140 kwa 90 au zaidi. Ikianza baada ya wiki ya 20, wahudumu wanaiita presha ya mimba. Ikiambatana na protini kwenye mkojo au dalili za viungo kama figo, ini au ubongo kuathirika, hapo inakuwa hatua inayotangulia kifafa cha mimba. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, si ya kliniki ya mwezi ujao.

Shida ni kwamba presha haiumi. Mama anaweza kupalilia alizeti, kuchota maji na kusonga ugali wa mtama huku presha yake ikiwa juu kiasi cha kupasua mshipa wa ubongo. Ndiyo maana nesi anasisitiza kupima kila unapofika kliniki, hata kama umekwenda ukicheka.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Lakini kutokwa damu na presha ya mimba bado ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowaua akina mama, na yote mawili huwa mabaya zaidi kwa anayekaa mbali na hospitali. Sisi wa Singida tunajua maana ya neno mbali, hasa anayeishi ndani huko Mkalama, Itigi au Ikungi wakati wa mvua.

Kidonge kinafanya kazi kichwani

Watu wengi wanadhani dawa ya presha "inapunguza damu" au "inakamua maji". Zipo zinazotoa maji mwilini, lakini methildopa si ya namna hiyo. Yenyewe inazungumza na mishipa ya fahamu.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani ya vitunguu. Ukiuminya kwa vidole, maji yanatoka kwa nguvu. Ukilegeza vidole, nguvu inapungua ingawa maji ni yale yale. Mishipa yetu midogo ya damu imezungukwa na misuli, na misuli hiyo hupokea amri kutoka kwa mishipa ya fahamu. Amri ikiwa "minya", presha inapanda. Ikiwa "legeza", inashuka.

Amri hizo zinaanzia kwenye shina la ubongo, nyuma ya kichwa karibu na shingo, na zinabebwa na kemikali ambazo mwili unajitengenezea. Mwili huchukua kirutubisho kinachopatikana kwenye vyakula vya protini kama maharage, nyama na maziwa, ukakigeuza kuwa dopa. Dopa inageuzwa kuwa dopamini. Kwenye baadhi ya mishipa ya fahamu, dopamini nayo inageuzwa kuwa noradrenalini, na hiyo ndiyo inayoiambia mishipa ya damu iminye.

Methildopa ni ndugu wa dopa kwa umbo, na jina lenyewe linasema hivyo. Mwili unaipokea na kuipitisha kwenye njia ile ile. Lakini mwisho wa safari haitoki noradrenalini ya kawaida, inatoka kitu kinachofanana nayo. Kitu hicho kikifika kwenye shina la ubongo, kinabonyeza swichi inayoziambia neva zipunguze amri za kuminya. Mishipa ya damu inalegea, na presha inashuka.

Hapa nieleze jambo linalowachanganya hata baadhi ya wanafunzi wa afya. Dopamini yenyewe ipo kama dawa. Katika wodi za wagonjwa mahututi hutiwa kwenye dripu ili kupandisha presha iliyoanguka. Inakuwaje basi ndugu yake ashushe? Ni suala la mahali. Dopamini ya dripu haivuki kuingia ubongoni, inafanya kazi kwenye moyo na mishipa moja kwa moja. Methildopa inavuka, na inafanya kazi pale amri zinapotoka. Ukoo ni mmoja, ila kila mmoja na kazi yake.

Ilivyogunduliwa

Mwaka 1957 mtafiti wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha kwamba sungura walioishiwa nguvu kwa dawa iitwayo reserpini huamka wakipewa dopa. Kazi yake ilionyesha kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe ubongoni, na si kituo tu cha kupita kuelekea noradrenalini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Wakati huo huo wataalamu walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia mwili usitengeneze kemikali hizo kwa wingi, wakitumaini presha itashuka. Mwaka 1960 kundi la Albert Sjoerdsma, huko Bethesda nchini Marekani, likatangaza kwamba methildopa inashusha presha kwa binadamu. Walidhani inafunga njia ya kutengeneza dopamini. Baadaye ikabainika kwamba sababu kubwa ni ile niliyoeleza juu, yaani dawa inageuzwa na kwenda kutuliza neva kutoka ndani ya ubongo. Dawa ilikuwa sahihi, maelezo ya kwanza ndiyo yaliyobadilishwa.

Usingizi unatoka wapi, na mtoto je?

Sasa unaona kwa nini mama anasinzia. Dawa inayotuliza neva za ubongoni inaweza pia kupunguza uchangamfu, hasa siku za kwanza au dozi inapoongezwa. Kwa wengi usingizi huo hupungua baada ya siku kadhaa, mwili ukizoea. Wengine hupata mdomo mkavu, kichwa chepesi au kizunguzungu wakisimama ghafla. Mkojo nao unaweza kuwa mweusi ukikaa kwenye hewa. Usishtuke.

La kufanya ni kuinuka taratibu: mama akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame. Asipande juu ya kitu kirefu wala kuendesha pikipiki siku hizo za mwanzo. Na kama usingizi unamzidi, amwambie mhudumu. Wakati mwingine muda wa kumeza hupangwa upya ili dozi kubwa iwe ya usiku. Huo ni uamuzi wa mhudumu, si wa jirani.

Je, mtoto? Hii ni moja ya dawa za presha za wajawazito zilizofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi. Huko Oxford, Uingereza, watoto ambao mama zao walitumia methildopa wakati wa ujauzito walifuatiliwa hadi wakiwa na miaka saba na nusu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982 hayakuonyesha madhara katika ukuaji wala akili zao. Na mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Nagpur, India, kwa wanawake 894 wenye presha kali ya mimba. Vidonge vya methildopa vilishusha presha ndani ya saa sita, bila madhara makubwa, kwa wanawake 76 kati ya kila 100. Vidonge vya nifedipini vilifanya vizuri zaidi, 84 kati ya 100, na ndiyo sababu mhudumu anaweza kuchagua hicho au kuvitumia vyote viwili. Hospitali na vituo vyao havikuwa vya kifahari, na vilikuwa vidonge tu, kama hivi vyetu.

Kinachomdhuru mtoto ni presha yenyewe. Inabana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula na hewa.

Vidonge viwili visimezwe pamoja

Hili naomba ulisome mara mbili, kwa sababu linawahusu karibu wajawazito wote wanaotumia dawa hii.

Kila mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na foliki, ambavyo wengi tunaviita FEFO. Madini ya chuma yakikutana na methildopa tumboni yanaishika, na kiasi kinachoingia kwenye damu kinapungua sana. Mama anameza dawa kila siku kwa uaminifu, presha haishuki, na familia inaanza kusema dawa haifai au kuna mkono wa mtu.

Usiache FEFO, maana upungufu wa damu nao unaua wakati wa kujifungua. Tenganisha muda tu. Acha angalau saa mbili kati ya kimoja na kingine, na zaidi ni bora. Mfano, kama methildopa unameza asubuhi na usiku, FEFO imeze mchana. Mwonyeshe nesi ratiba yako aikague, kwa sababu wengine wamepangiwa mara tatu kwa siku.

Kuacha ghafla ni hatari

Dawa hii haihifadhiwi mwilini kama akiba. Kidonge kinafikia nguvu yake saa nne hadi sita baada ya kumezwa, na ndiyo maana hurudiwa zaidi ya mara moja kwa siku. Ukiacha ghafla, neva zilizokuwa zimetulizwa zinaamka, na presha inaweza kurudi juu ndani ya siku mbili.

Kwa hiyo "nimejisikia nafuu, nikaacha" ni hesabu mbaya. Umejisikia nafuu kwa sababu unameza. Vidonge vikibaki vya siku tatu, huo ndio wakati wa kurudi kuchukua vingine, usisubiri viishe. Ukisafiri kwenda msibani Kiomboi au Manyoni, dawa na kadi ya kliniki viwe kwenye mkoba kabla ya kanga.

Jambo jingine la kweli: dawa inashusha presha lakini haiondoi ugonjwa. Tiba ya kifafa cha mimba ni kujifungua, kwa wakati ambao wataalamu wataona unafaa, na sindano ya magnesiamu salfeti ndiyo inayozuia na kutibu degedege lake. Ndiyo maana mama anaweza kuwa anameza vidonge vizuri na bado akaambiwa alazwe. Si kwamba dawa imeshindwa. Ni kwamba kidonge kina mpaka wake.

Dawa nyingine zinazogusa dopamini

Zipo dawa mbili nyingine ambazo mjamzito au mzazi anaweza kukutana nazo, nazo zinagusa dopamini kwa njia tofauti.

Ya kwanza ni metoklopramidi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Plasil. Hutolewa kwa kutapika. Inaziba milango ambayo dopamini hupitishia ujumbe, na kichefuchefu kinatulia. Lakini dopamini pia husaidia misuli kutembea kwa mpangilio. Kwa watu wachache, hasa vijana, siku za mwanzo za kutumia dawa hii shingo hujikunja upande, macho hugeukia juu na taya hukaza. Familia ikiona hivyo kwa mjamzito inadhani ni kifafa cha mimba au mapepo. Mara nyingi mwenyewe anakuwa na fahamu na anasikia unachosema, na hospitali kuna sindano inayomfungua haraka. Lakini usikae nyumbani kupambanua. Mpeleke, na ubebe dawa zote alizomeza. Na Plasil isinunuliwe dukani na kumezwa wiki nzima kama pipi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliagiza isitumike kwa zaidi ya siku tano.

Ya pili ni dawa ya kukausha maziwa, kama bromokriptini. Hii inaiga dopamini. Dopamini ndiyo huuambia mwili usitoe homoni ya maziwa, hivyo maziwa yanakauka. Kwa mtu wa kawaida dawa hii huweza hata kushusha presha. Lakini asili yake ni ukoo wa ergoti, ambao unaweza kuminya mishipa, na kwa baadhi ya wanawake waliotoka kujifungua ilihusishwa na presha kupanda ghafla, degedege na kiharusi. Mwaka 1994 kampuni ya Sandoz iliacha kuiuza kwa kazi hiyo nchini Marekani, na tangu mwaka 2014 Ulaya imeelekeza mwanamke mwenye presha au aliyepata presha ya mimba asipewe. Kwa sababu hiyo ya ukoo, mkunga hukwepa pia sindano ya ergometrini kwa mzazi mwenye presha, akatumia oksitosini kuzuia damu.

Mama anayetafuta dawa ya kukausha maziwa mara nyingi ni mama aliyempoteza mtoto. Yuko kwenye majonzi, maziwa yanamuuma, na ndugu kwa huruma anakimbilia duka la dawa. Tafadhali, kama alikuwa na presha, msimnunulie. Sidiria inayobana vizuri, kitambaa cha maji baridi, kutokamua na panadol vinasaidia, na mhudumu atashauri mengine.

Akishajifungua

Wengi wanadhani mtoto akitoka presha imekwisha. Mara nyingi hupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mama ameshafika nyumbani na anakunywa uji na wageni wamejaa. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua. Arudi kupimwa wiki hiyo hiyo ya kwanza, na aendelee hadi wiki ya sita.

Hapa methildopa ina kasoro moja. Kwa kuwa inatuliza kemikali za ubongoni, inaweza kuongeza huzuni kwa mzazi. Miongozo ya Uingereza inataka mama abadilishiwe dawa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua. Kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo na hakimzuii kunyonyesha. Kwa hiyo uliza: "Nimeshajifungua, je, naendelea na hii au mnanibadilishia?" Na wewe mume, ukiona mkeo analia bila sababu, hataki kumshika mtoto, halali hata mtoto akilala, usimwite mvivu wala mwenye deko. Mrudishe kituoni mueleze.

Usisubiri kesho

Mjamzito au mzazi, awe anameza dawa au la, apelekwe mara moja akiwa na mojawapo ya haya:

- kichwa kinachouma sana kisichotulia
- macho kuona giza, ukungu au vimulimuli
- maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu
- uso na mikono kuvimba ghafla
- mkojo kupungua sana
- mtoto kupunguza kucheza
- degedege au kupoteza fahamu

Kwa anayetumia methildopa, ongeza macho kuwa ya njano, homa isiyoeleweka, au usingizi mzito ambao haamki vizuri ukimwita.

Akipata degedege, mlaze kwa ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimpake wala kumnusisha kitu. Piga namba 115, ni bure, ni ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Ihifadhi kwenye simu hiyo unayosomea sasa hivi.

Na yule mume aliyeuliza kama dawa inamlaza mtoto tumboni, namjibu hivi: mtoto wako anaitegemea. Mwache mama alale mchana siku hizo chache. Kuku walishe wewe.

Tukutane wiki ijayo.